Shule ya Madereva Ambayo Hakuna Aliyewahi Kuiacha

Kasongo, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Djamila amerudi kwa baba yake. Safari hii amebeba na mfuniko wa sufuria kubwa. Mke akiondoka na nguo, atarudi. Akiondoka na mfuniko, kuna neno.

Sababu ni pikipiki. Iko mtoni chini ya daraja la miti, na mimi ndiye niliyeitia huko. Nilikuwa nimevumbua namna ya kupakia magunia ya karanga mbele, nyuma na kichwani mwangu, ili safari moja ifanye kazi ya safari kadhaa. Akili tupu! Daraja halikuelewa. Sasa mimi ni motari asiye na pikipiki, na wenzangu kwenye maegesho wananiita Nahodha.

Jioni nilikwenda kwa mkwe wangu, Mzee Amisi, mwenye duka karibu na msikiti. Nilivaa kanzu safi. Haikusaidia. Alisema, "Mutoto wangu haiko mbuzi wa kurudishwa kila wiki." Jumapili atanisikiliza mara ya mwisho. Ama nimepata kazi ya kweli, ama nitoe talaka mbele ya wazee.

Talaka! Nilikunywa chai yake haraka nikaunguza ulimi.

Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nampenda Djamila. Nyumba imepoa. Nimekula muhogo wa kuchemsha nikiwa nimesimama, kwa kuwa kuketi peke yangu kunaniliza.

Lakini nina habari. Mama Estelle, mwenye malori yanayokwenda Salamabila, anatafuta madereva wapya. Atawafundisha kwa gharama yake mwenyewe: mafunzo, chakula, hata permi, leseni yenyewe. Nafasi imebaki moja, na atachagua mtu Jumamosi. Jirani yangu Zéphirin amekwisha kujiandikisha. Bila shaka! Zéphirin akisikia neno kazi, miguu yake inaondoka kabla ya kichwa. Nyumbani kwake kila mti uko kwenye mstari.

Jumanne, 5 Novemba

Nilikwenda depo kwa Mama Estelle na masharti yangu.

Kwanza nilimwomba anifundishe kwenda mbele tu. Kurudi nyuma nitajifunza mwenyewe siku ikibidi. Pili, nilitaka kujua kwa nini mtu akishafundishwa lazima amwendeshee lori lake miaka miwili. Alisema kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Nikasema elimu ni sadaka. Akaniuliza, "Kamaldine, weye unatafuta kazi ao unatafuta kitanda?" Wafanyakazi walicheka. Mmoja alicheka mpaka akaangusha spana.

Kisha akanipa pauro. Ndiyo, sepetu la kuchimbia! Eti dereva wa njia ya Kabambare huanza kwa kuchimba lori kwenye matope, kisha kulala chini yake na grisi, halafu ndipo aguse usukani. Nirudi kesho asubuhi na mikono mitupu na tumbo lililoshiba. Nilimwambia nitafikiria.

Nikatoka kwenye mvua. Hapo kando ya barabara alikuwa amesimama bwana mmoja amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ninayoiona kwenye picha za ujana wa baba yangu. Imepigwa pasi vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, na bwana yule alikuwa mkavu. Mtu anayejitunza.

Alijitaja kuwa Mwalimu Nathanaël. Anafundisha madereva, upande wa Lusangi. Mwajiri analipa kila kitu. Hakuna pauro. Nikamuuliza mkataba ni wa miaka mingapi. Akasema hawahesabu miaka. Nikamuuliza kwa ujanja wangu, kama mtu anayejua kuchagua: wanafunzi wangapi wameacha shule yako? Anaongea polepole, sauti kama inatoka chumba cha pili.

"Hapa hakuna mutu aliacha."

Hakuna! Kwa Mama Estelle wameacha wengi msimu huu peke yake. Shule nzuri inajulikana kwa hilo tu.

Nilipogeuka kumuaga hakuwapo. Ana mwendo.

Jumatano, 6 Novemba

Sikwenda kwa Mama Estelle. Nilikwenda kuikagua shule.

Zéphirin alikuwa anapeleka chumvi Lusangi kwa pikipiki yake, nikamwambia nina shangazi mgonjwa huko. Alinibeba bure. Njiani kote alikuwa ananisifia Mama Estelle. Tulisukuma pikipiki kwenye matope zaidi kuliko tulivyoipanda, naye akawa anaimba nyimbo za kanisa. Mtu asiyeudhika anaudhi sana.

Kabla ya Lusangi, pale barabara ya zamani inapoachana na mpya na kushuka bondeni, niliona matawi. Kila mtu wa njia hii anayajua. Lori likiharibika, matawi mabichi hulazwa barabarani mbele na nyuma, ili anayekuja apunguze mwendo. Likipona, wenye lori huyaondoa. Haya yalikuwa mabichi kabisa, kama yamekatwa sasa hivi, na nyuma yake lori. Na Mwalimu Nathanaël amesimama na fimbo.

Nikamwambia Zéphirin shangazi yangu anakaa pale. Aliniangalia. Kisha akachuma jani, akalitupa juu ya rundo la majani lililo kando ya njia, akasema, "Poleni ya safari." Alisema lori lilitumbukia bonde lile yeye akiwa mtoto, limejaa watu wanaotoka sokoni, na matawi hayakuondolewa, maana hakubaki mtu wa kuyaondoa. Baba yake alikuwa hapiti bila kutupa jani. Nikamwonyesha lori na mwalimu. Akasema, "Miye naona vyuma na manyasi tu. Weye unaona nini, Kamaldine?"

Macho yake mabaya, na huyu ndiye anayetaka kuendesha lori.

Nilishuka peke yangu. Sasa naandika yote niliyoona, ili nichague vizuri.

Ukimya mzuri. Hakuna ndege, hakuna nyenje, hakuna hata mbu mmoja. Magurudumu yana vumbi jekundu, kavu, mwezi wa Novemba! Maana yake wana barabara yao isiyo na tope. Wanafunzi wameketi nyuma kwenye mabenchi, wanatazama mbele, kila mmoja ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili kama usukani. Mwalimu akagonga bodi la lori kwa fimbo. Wote wakalalia kushoto. Akagonga tena, wakalalia kulia. Lori halikusogea, lakini nilisikia mawe yakisagika chini ya magurudumu, na upepo ukanipiga usoni kama mtu aliye kwenye mwendo.

Nikasema, "Asalaam aleikum." Hakuna aliyejibu wala kugeuka. Nidhamu! Wengi wao walikuwa na kiatu kimoja tu, nadhani cha pili huachwa nyumbani kwa sababu ya pedali. Kwenye benchi la nyuma palikuwa na nafasi moja tupu. Ilikuwa imepanguswa vizuri.

Nikauliza chakula. Mwalimu akasema wanafunzi wake hawasikii njaa. Nikauliza mshahara. Akasema hajasikia mtu akilalamika. Nikauliza ajali. Akasema, "Moja tu."

Moja tu! Mama Estelle alikuwa nazo kadhaa mwaka huu, na moja ilihusu nguruwe wa padri.

Hakuna fomu wala picha. Anayetaka kuingia alete tawi bichi la nyumbani kwake, alilaze nyuma ya lori pamoja na mengine. Basi. Nilipanda kilima nikiwa na furaha, ila miguu ilikuwa ya baridi mpaka magotini, na nilipojikung'uta nikakuta viatu vyangu vimejaa vumbi.

Zéphirin aliniuliza hali ya shangazi. Nikasema anaendelea vizuri.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya kupima. Mzee Amisi hupenda kunitupia ile methali, mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini mimi sichagui jembe. Nachagua kutokuwa na jembe.

Kwa Mama Estelle: tope, grisi, kelele zake, miaka miwili. Kwa Mwalimu: kukaa kwenye benchi. Nimepima kwa haki. Lusangi!

Shida ni tawi. Kwenye kiwanja changu kuna mti mmoja tu, mlimau alioupanda Djamila wiki tuliyooana. Alichimba shimo mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli. Huumwagilia maji ya kuoshea mchele, huongea nao, na maneno yake ya mwisho akitoka na mfuniko hayakunihusu mimi. Alisema, "Na mulimau wangu usiuguse." Nikikata kijiti tu atajua. Simwogopi mtu hapa Kasongo, ila hilo naliogopa.

Lakini mti wa avoka wa Zéphirin umeinama juu ya ua mpaka upande wangu. Tawi lililo upande wangu ni la nyumbani kwangu! Hata kadhi angekubali. Nilikata moja zuri Zéphirin akiwa shambani na mke wake Chimène akiwa sokoni. Nikapata nafasi kwenye pikipiki, nyuma ya mfanyabiashara wa dhahabu anayekwenda Salamabila, aliyelalamika njia nzima kuwa majani yanamtekenya shingo.

Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa muda mrefu. Akauliza kama ni la kwetu. Nikasema la kwetu kabisa. Akasema kesho watakuja kumchukua mwanafunzi nyumbani kwake.

Mpaka nyumbani! Nani mwingine anafanya hivyo?

Ijumaa, 8 Novemba

Wizi! Wizi wa mchana!

Nilikuwa tayari tangu alfajiri. Begi mlangoni, nywele zimechanwa. Kulikuwa na ukungu mzito, minara ya msikiti haionekani. Halafu honi. Ndefu, ya chini, kama ng'ombe aliye kisimani. Mbwa wote wa mtaa wakanyamaza kwa pamoja. Nikatoka mbio.

Hakuna lori. Kuna alama zake. Barabara yetu sasa ni uji wa tope, na juu ya tope lile ilipita michirizi miwili ya vumbi kavu, jekundu. Niliifuata kwa macho. Ilipita lango langu bila kusita. Ikaishia kwa Zéphirin!

Nikaingia kwake bila hodi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili. Akalalia kushoto, akanyooka. Akalalia kulia. Macho yako wazi lakini yanatazama mbali, kwenye barabara isiyokuwapo. Mguu mmoja hauna kiatu. Nyayo zimejaa vumbi.

Chimène alikuwa analia. Aliniambia, "Bwana yangu iko anashika usukani wenye hauko. Tangu honi ile ya asubuhi, hajibu, namuosha miguu vumbi inarudia." Alinishika mkono, akaniomba nikae naye kidogo. Nilikaa. Nilimtazama Zéphirin kwa uchungu mwingi sana.

Mnafiki mkubwa! Jumatano haoni lori, Ijumaa ni mwanafunzi wa kwanza. Ameninyemelea. Na anapinda kona vizuri, lazima nikiri, kuliko wale wa kwenye benchi.

Mchana niliswali bila utulivu. Mzee Amisi alinitazama kutoka safu ya mbele. Jumapili inakuja.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ndefu. Naandika mlango ukiwa na komeo, kwa sababu ya upepo. Si kwa kitu kingine.

Asubuhi nilikwenda depo, maana mwenye akili hafungi mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine. Zéphirin hayupo. Mama Estelle alisikitika, akasema yule ni mtu wa kweli, atamngoja mpaka jua litakapozama. Asipokuja, nafasi ni ya yeyote atakayekutwa na pauro mkononi. Waliobaki walikuwa mimi na mlinzi, na mlinzi ana mguu mbovu.

Yaani nilikuwa nimeshinda! Kazi ilikuwa kushika pauro mpaka magharibi. Nililishika. Nikalikalia. Lakini kila nikifumba macho namwona Zéphirin kwenye benchi langu, benchi lililopanguswa kwa ajili yangu, barabara kavu, hakuna mbu. Wivu ukanipanda mpaka masikioni. Kazi ile niliitafuta mimi! Mchana nilimwachia mlinzi pauro nikapata pikipiki ya kwenda Lusangi.

Bondeni palikuwa baridi, jua likiwa utosini. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kona. Kwenye benchi la nyuma, pale palipokuwa patupu, ilikuwa kofia ya majani ya Zéphirin. Kofia tu. Wenzake walipolalia kushoto, nayo ililalia kushoto.

Nilimwendea mwalimu nikamwambia ukweli wote kwa sauti. Kwamba tawi nililileta mimi. Kwamba nililikata kwenye mti wa Zéphirin na yeye hana habari, kwa hiyo hana haki yoyote, na mtu asiyeomba hawezi kuajiriwa. Mwalimu hakukasirika. Alisema, "Tawi linaita mwenye alipanda muti." Ndiyo sheria yao. Nikasema basi sheria ile imekosewa, na natengua maombi.

Nikainama nikaling'oa tawi la avoka kutoka kati ya mengine. Hapo matawi yote yaliyolala njiani yakatikisika, na upepo haukuwapo. Mawe yakaacha kusagika. Na wanafunzi wote, wote, wakageuza vichwa wakanitazama. Sitaki kuandika nyuso zao. Nitasema tu kwamba nidhamu ilivunjika.

Nikanyakua kofia. Nikapanda kilima kwa miguu na mikono. Nyuma yangu sauti ya mwalimu ikasema, taratibu, nilete la kwangu. Nisijisumbue kuja tena. Atapita.

Niliporudi Kasongo, Zéphirin alikuwa anakula ugali na sombe, anauliza leo ni siku gani. Chimène alipiga magoti, akashika miguu yangu. Zéphirin aliposikia kuwa ni Jumamosi akatupa tonge, akakimbia mpaka depo, akachukua pauro kwa mlinzi jua likiwa limebaki ukucha.

Sina kazi hata moja. Mshika mbili, moja humponyoka. Mimi zimeniponyoka zote, na kesho ni Jumapili.

Jumapili, 10 Novemba

Dunia hii huwezi kuielewa!

Chimène amesimulia mji mzima. Kanisani, sokoni, mpaka mafundi baiskeli wanajua: Kamaldine alishuka bondeni peke yake, akamnyang'anya Zéphirin kutoka kwenye lori la wafu. Wafu! Watu wanavyopenda kutia chumvi. Sikukanusha. Kukanusha sifa ni utovu wa adabu. Nimeletewa jogoo na mkungu wa ndizi, na kwenye maegesho hawaniiti tena Nahodha.

Alasiri akaja Mzee Amisi. Nilijiandaa kwa talaka. Nyuma yake nikamwona Djamila. Na mfuniko mkononi!

Mzee alisema mengi, sikusikia hata nusu. Djamila alinieleza baadaye kwamba alikuwa amekwisha kata shauri asirudi. Halafu akasikia kuwa nimeiacha kazi mkononi nikaenda kumwokoa jirani, akalia mpaka mama yake akaogopa. Alisema hakujua kuwa ameolewa na mtu wa namna hiyo. Mimi pia sikujua. Lakini alinishika shavu, na kwa muda kidogo nikawa mtu wa namna hiyo kweli. Nimelia. Nimesema ni moshi.

Kisha Mama Estelle mwenyewe akaja, na viatu vyake vya mpira. Alisema dereva asiyemwacha mwenzake njiani ni nadra kuliko permi. Ameongeza nafasi kwa ajili yangu. Naanza Jumanne, chini ya lori, pamoja na Zéphirin. Alinikabidhi pauro langu, jipya.

Djamila aliukagua mlimau wake jani kwa jani, akaridhika. Halafu akaniapisha nisiikanyage tena ile barabara ya zamani. Nimeapa kwa moyo wote. Sasa anacheka jikoni, na mfuniko umerudi juu ya sufuria yake. Sihitaji kitu kingine duniani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamka nikaliona pauro. Liko mlangoni, linanitazama.

Miaka miwili! Grisi! Na Zéphirin akiimba pembeni!

Alfajiri kulikuwa na ukungu tena. Djamila alikuwa ameshuka kijitoni kuteka maji. Nilitoka nikamkuta Mwalimu Nathanaël kando ya ua, abakosti imenyooka, mkono mmoja ameupitisha juu ya fito, kiganja wazi. Angalia heshima hiyo! Mtu umemvurugia darasa Jumamosi, naye Jumatatu anakufuata kwako.

Sikufanya haraka. Nilifikiri kama mtu mzima. Nimeapa kutoikanyaga barabara ya zamani, sawa, lakini wao hunifuata nyumbani, na ndani ya lori mtu hakanyagi kitu. Tawi linamwita aliyepanda mti, sawa, na mlimau ulipandwa na Djamila. Lakini mke na mume ni mwili mmoja, hata Zéphirin husema hivyo wamefundishwa kanisani, na mwavuli niliushika mimi. Bila mwavuli asingepanda. Kwa hiyo nilipanda.

Nilikata kijitawi cha upande wa nyuma, ambako hatazami sana. Nikapaka tope kwenye kidonda cha mti. Mwalimu alikinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Meno yana vumbi.

Ni adhuhuri sasa. Naandika begi likiwa magotini. Nitamweleza Djamila nikishapata mshahara wa kwanza, atafurahi. Ila leo yuko kimya tangu arudi na maji. Kutoka hapa namwona jikoni. Ameketi kwenye kigoda, ameshika mfuniko kwa mikono miwili. Nimemwita, hakuitika. Analalia kidogo kushoto. Sasa kulia. Uchovu wa kijitoni, nadhani, au wimbo fulani umemkaa kichwani. Miguu yake ina vumbi mpaka vifundoni, na tangu jana mvua haijakatika. Nitamwambia anawe.

Honi! Ile ile, ndefu. Mbwa wamenyamaza. Na safari hii imesimama kwenye lango langu, hakuna makosa, nasikia injini ikinguruma mpaka kalamu inacheza. Wenye haki hupata haki yao.

Djamila ameinuka. Anapita mbele yangu bila kunitazama, mfuniko mkononi, anakwenda langoni kuwapokea. Mke mwenye adabu! Asingoje peke yake, nami natoka sasa hivi. Nitafute tu kiatu changu cha pili.